Vidole Vilivyosahau Satini

Mshauri wetu mpendwa, shikamoo, umri wako siujui lakini kwa jinsi unavyowafokea watu kwenye ukurasa huu nimeona bora nikuamkie kabisa. Naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi kuna mtu anakuja kuchukua cherehani yangu.

Mimi ni fundi wa nguo za kike, nina chumba changu cha kushonea kando ya barabara, na ule msimu wa sare za shule kile kioo kirefu cha wateja kujitazamia kiliteleza ukutani, nami badala ya kuruka pembeni kama mtu mwenye akili zake nikakidaka, kikapasuka na kunikata kifundo cha mkono wa kulia, hospitali wakanipasua wakasema mshipa wa fahamu ulikatika na wameuunganisha, nikamshukuru Mungu nikijua wiki mbili tatu nitarudi kazini, kwa sababu mimi nikishona mshono leo nguo inavaliwa leo. Wapi! Kidonda kilifunga vizuri lakini kidole gumba, cha shahada na cha kati vina ganzi mpaka leo, sindano inaniponyoka bila habari, na juzi nilikuwa nanyoosha gauni nikagusa pasi kwa ncha ya kidole kama mafundi tunavyofanya kujua imepata moto, nikaona bado, nikasubiri, nikagusa tena, mpaka mume wangu akaingia akauliza, "Mama watoto, mbona kunanuka nyama?" Kilikuwa kidole changu.

Sasa siri yangu, ambayo hata yeye haijui. Kule kliniki kuna dada wa mazoezi ya mikono, siku moja akaniambia nifumbe macho nishike vitambaa nivitaje, nikashika kimoja nikasema kwa kujiamini kabisa, "Satini," kufumbua macho nikakuta taulo, mimi ambaye nilikuwa nachagua kitambaa umeme ukiwa umekatika, basi nikaangua kilio mbele za wagonjwa na sikurudi tena. Siku za kliniki naaga nyumbani vizuri tu, halafu naingia kwa msusi jirani nasukwa, na mume wangu maskini anashangaa mazoezi ya mkono yanavyonipendeza kichwani.

Mama mkwe hana ubaya, kila jioni ananichua kwa maji ya moto, naye ndiye aliyeniambia, "Mwanangu, mkono umeshagoma, uza cherehani utafute kazi ya kukaa dukani," kisha akanitafutia mnunuzi. Mume wangu anasema uamuzi ni wangu, lakini hanitazami usoni akisema. Cherehani ile niliinunua kabla sijaolewa, mpaka sasa kila nikipita naifuta vumbi, na nikifikiria inabebwa kutoka mlangoni naifuta tena. Ila naona hali inazidi kuharibika, maana mwanzoni nikijigonga kwenye kovu ndipo nilipokuwa napigwa na shoti kama ya umeme, siku hizi kovuni imepungua, shoti imehamia katikati ya kiganja, nahisi ugonjwa unatembea. Niuze au nisiuze?

Fundi wa Vidole vya Mpira

Fundi, marahaba. Nimecheka, unisamehe, hizo nywele lazima zimekaa vizuri. Sasa kaa chini nikufokee.

Mumeo utamwomba radhi mwenyewe, hayo ya kwenu. Barua yako nilimsomea daktari mmoja anayepasua mikono. Nilipofika kwenye shoti akanisimamisha. "Rudia hapo." Nikarudia. Akapiga meza. "Huyu mama anapona, na hana habari!"

Sikiliza, kwa lugha ya chumba chako. Mshipa wa fahamu una ganda la nje na nyuzi nyingi nyembamba ndani. Daktari wako alishona ganda. Zile nyuzi hakuna binadamu anayeweza kuzishona. Zinaota upya zenyewe, kuanzia palipokatika kushuka vidoleni, kama milimita moja kwa siku zikiwa na bidii. Pale shoti inapokupiga ukijigonga ndipo ncha zake zilipofika. Ilikuwa kovuni, sasa iko kiganjani. Kinachotembea ni nafuu, mama, na wewe umeiandika mwishoni kabisa, kama mtu anayelalamikia mvua.

Siwezi kukuahidi vidole vya zamani. Wengine hurudiwa na karibu kila kitu, wengine hubaki na ganzi kidogo. Nyuzi zikikwama njiani, madaktari huweza kuchukua kipande cha mshipa mdogo mguuni wakakitia kama kiraka, na hapo kuwahi ni muhimu. Lakini watajuaje zimekwama, nawe uko kwa msusi?

Na lile taulo. Dada wa mazoezi hakutaka kukuaibisha. Nyuzi zikifika vidoleni, nyingine hushukia pasipo pao, kwa hiyo ubongo hupokea habari zilizovurugika na inabidi ufundishwe upya kama mtoto wa chekechea. Vile vitambaa ndiyo madaftari yake. Wenzako kliniki wanaazima vitambaa, wewe una mfuko mzima wa vipande chini ya meza! Shika kimoja ukikitazama, kitaje, kisha fumba macho ukishike tena. Utakosea sana. Lia ukitaka, ila lia ukiwa unaendelea.

Pasi, kuanzia leo, pima kwa mkono wa kushoto. Maji ya moto yakome. Mama mkwe mshukuru kwa moyo wote, umwambie mkono usiosikia joto unaweza kubabuka huku mnapiga soga. Hiyo hamu yake ya kusaidia mpe kazi: awe anakupa vitambaa wakati umefumba macho, na akucheke kidogo. Kesho asubuhi rudi kliniki, waonyeshe kidole kilichoungua na waeleze shoti ilipofika. Nenda na mumeo. Nadhani hakutazami usoni kwa sababu anaogopa utaona kwamba hataki uuze.

Jumamosi mnunuzi akija, mkaribishe, mpe kiti, mpe maji ya kunywa. Halafu mwambie cherehani haiuzwi. Vidole vya mwenyewe viko shule.