Mchawi Niliyemsahau Mgongo

Karakana ya Vibao,
Nyuma ya kituo cha mafuta,
S.L.P. 318.

Jumapili, 9 Machi

Mpendwa mpwa wangu Profesa,

Hujambo huko uliko? Kifua bado kinakusumbua, au baridi imeshakuzoea? Unakula vizuri, au unalidanganya tumbo kwa chai? Sisi huku hatujambo. Mama yako mguu umepona, na sasa anatembea kwa kasi mpaka tunaachwa nyuma. Mimi nalalamikia macho tu, na hilo nimelitafuta mwenyewe.

Lile boksi la vinyago vyako vya mchezo wa mezani ninalo. Siku ulipoondoka mmegombana na baba yako, alilitoa nje pamoja na vipande vya vitambaa vya kutupa, akisema mwanaume mzima hachezi na wanasesere. Mama yako akaliokoa na kuniletea hapa karakana. Limekaa juu ya kabati miaka miwili, muda uleule ambao ninyi wawili hamjasemeshana.

Mwezi uliopita mvua ilininyima kazi za nje, nikalifungua. Ewe mtoto! Ni viumbe gani hawa? Hakuna anayezidi kidole gumba. Kuna mchawi mwenye joho, kuna mbilikimo ameshika shoka kubwa kuliko yeye (analiinuaje?), kuna mjusi mwenye mabawa. Tumbo la mjusi wa namna hiyo huwa rangi gani? Nimemchunguza mjusi wa ukutani kwangu nusu saa nzima, hakunisaidia.

Basi nikajitosa. Nilianza na mchawi, nikampaka rangi ya mafuta ileile ya vibao. Akaibuka hana pua wala vidole, kama aliyemwagiwa uji. Nikamsugua kwa mswaki na tapentaini, nikaanza upya na rangi nyepesi na brashi ya nywele chache. Ilinichukua siku nne. Joho la zambarau, ndevu nyeupe, hadi pete kidoleni. Nikamsimamisha dirishani, nikarudi nyuma hatua kumi kama ninavyofanya kwa kibao, nikaona kitone tu. Nilicheka peke yangu.

Hapo ndipo baba yako akaingia. Alikuja kuulizia kibao cha duka lake la ushonaji. Akamwona mchawi. Nikajua leo kimenuka, maana akimvunja sitakuwa na uso wa kukuandikia tena. Akamwinua kwa vidole viwili, akamgeuza, akanikazia macho.

"Shemeji, ndiyo kazi gani hii? Umemwacha mtu mgongo wazi!"

Kweli bwana, nilikuwa nimepaka mbele tu. Miaka thelathini nachora vibao, na kibao hakina mgongo. Haikunijia kabisa kwamba huyu anao. Lakini fundi cherehani nguo huitazama kwanza kwa nyuma. Akavuta kiti, akavaa miwani, akaniuliza ni nani huyo aliyelikata joho bila mshono wa bega. Nikampa brashi.

Tangu siku hiyo anakuja kila Jumapili mchana. Kazi yake ni mikunjo ya nguo: rangi nzito ndani, nyepesi kwenye ukingo, anasema ndivyo kitambaa kinavyoshika mwanga. Mimi nimebakiziwa silaha na viatu. Jina lako halitaji, na vinyago anaviita "hawa wateja". Wiki iliyopita aliniuliza kama mchezo wenyewe una washindi, na kama mwenye boksi alikuwa anashinda. Nikamwambia amuulize mwenyewe. Akachovya brashi, akaendelea kupaka. Profesa, nilitamani kulia.

Sikuambii ufanye nini. Mimi ni mjomba, si hakimu. Nimeona tu ujue kwamba boksi liko salama na lina mafundi wawili.

Mama yako anakusalimu sana, na dada yako na mumewe pia. Mungu akutangulie katika kila unaloshika huko ugenini, na akurudishe nyumbani ukiwa mzima.

Ni mimi mjomba wako, nikupendaye bila kuchoka,
Mzee Rangi

N.B. Nimekwenda kusafisha brashi, kurudi nimekuta baba yako ameisoma barua yote bila ruhusa. Sasa ananinyang'anya kalamu.

Mwanangu, brashi gani inafaa kwa nyusi? Hizi za mjomba wako ni mafagio. Na jibu usimwandikie yeye. Niandikie mimi.
Baba yako