Nakiete, Pikapu Hainisubiri Mimi

Sumbawanga, mwezi wa Machi. Huu ni mwaka wa thelathini na moja tangu nishuke kutoka kwetu milimani Mbaga na sanduku moja la bati, nikisema ni uhamisho wa miaka miwili.

Mpendwa mdogo wangu Nakiete,

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Kila nikikaribia jambo lenyewe unaniuliza kama nimekula, au unampa mjukuu wako simu aniamkie, na nikishaitikia marahaba nguvu zinaniishia. Barua haikatizwi. Tena nimeiacha wazi ili wanao waisome, maana swali ni lao: pikapu iuzwe chuma chakavu, au waendelee kumngoja mwenyewe? Wewe umewajibu kwamba haiuzwi mpaka kaka aje aiangalie, kwa kuwa ugonjwa wake anaujua yeye peke yake. Wanataka wajue nakuja lini. Wana haki.

Nimezisikiliza sauti ulizonirekodia, simu sikioni, miguu ndani ya blanketi, kama mzee asiye na kazi nyingine. Kwenye sailensi, ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, inatetemeka na kumisi. Inapiga, inapiga, inaruka pigo, inapiga. Ukikanyaga, inakaa sawa. Nilikuambia uchomoe waya za plagi moja moja huku injini inanguruma. Ukachomoa ya kwanza, ikayumba. Ya pili, ikayumba. Ya tatu haikujali hata kidogo. Kwa hiyo silinda ya tatu ndiyo haifanyi kazi. Ukahamisha plagi yake ukaifunga silinda ya kwanza, kasoro ikabaki pale pale kwenye ya tatu. Basi si plagi.

Nilipokuuliza unaonaje, ulisema, "Mimi najua nini, kaka? Mafundi wa siku hizi wanachomeka kompyuta. Hii haina hata pa kuchomeka. Inakungoja wewe."

Mimi najua nini. Maneno hayo yamenikalia kifuani, kwa sababu nakumbuka.

Unakumbuka mwaka ule tulipoinunua, wewe hujaolewa, tukipeleka ndizi sokoni Same? Kurudi nyumbani, tukifika juu injini imepata moto kwa kupanda, ilianza kutetemeka hivi hivi hadi vioo vinalia. Tukishuka kesho yake kulalamika, mteremko wote injini haina kazi, inafika gereji imepoa na imetulia kama mtoto aliyeshiba. Yule fundi wetu, mtu wa Rombo, alituangalia kwa huruma ya uongo.

"Mgonjwa akiona hospitali anapona," alisema. "Mkirudi tena nitawapa kitanda kabisa."

"Panda nasi ukaione kwetu," ukamwambia.

"Nipande? Wapare nawajua. Nikikosea gasketi moja mtauza ng'ombe mnifungulie kesi."

"Ukikosea tutakulisha makande mpaka ukiri."

Akapanda, amekaa katikati yetu, akishika dashibodi kila kona na kusali kwa Kirombo. Tulipofika juu ikaanza kutetemeka. Akafungua boneti, akasimama anaikodolea macho kama tulivyokuwa tukisimama sisi. Wewe ukavua kitambaa chako cha kichwani, ukakilowesha kwenye dumu la maji, ukakibana pale manifodi inapoungana na injini, mahali mchanganyiko wa hewa na mafuta unapoingia silinda ya tatu. Ikatulia. Ukakiondoa, ikatetemeka. Ukakirudisha, ikatulia.

"Nani kakufundisha?" fundi akauliza.

"Hakuna. Nimeisikia inavuta pumzi pembeni."

Ndivyo ilivyokuwa. Gasketi, ile karatasi ngumu inayoziba maungio hayo, ilikuwa na ufa. Injini ikipata moto ufa unaachia, hewa isiyopita kwenye kabureta inaingia, na silinda ile inakosa mafuta ya kuwaka. Fundi alicheka hadi akakaa juu ya tairi. Akasema ukikosa mume uje akuajiri. Ukamjibu kwamba mume utapata, ila yeye ajihadhari asikose wateja.

Sasa nije kwenye rekodi yako ya mwisho, ile ndefu. Katikati yake, Nakiete, injini inatulia. Hujakanyaga mafuta, mlio haupandi. Inatulia tu kwa kitambo, kisha inarudia kutetemeka. Na kabla haijatulia nasikia maji yakidondoka na kulia juu ya chuma cha moto. Ulisahau kwamba simu inasikia kila kitu. Au hukusahau.

Ugonjwa wake uliujua kabla hujanipigia. Sikukasirika. Nililia kidogo, halafu nikachoka, kama ninavyochoka siku hizi hata na mambo mazuri. Sidhani kama amebaki mtu mwingine wa kunidanganya ili nije.

Mara ya mwisho nilikuja kumzika mama. Mlinichinjia mbuzi. Vijana walinipa shikamoo kwa adabu, kisha wakaulizana pembeni huyu ni nani. Ulinionyesha chumba changu, kitanda kimetandikwa shuka mpya, nami nikalala humo bila kugusa kitu, kama mgeni wa mchungaji. Mke wangu amelala hapa Sumbawanga, na kaburi lake nalipalilia mwenyewe maadamu mgongo unainama. Huko kwetu mnamkumbuka kijana aliyeondoka. Mnampenda sana, naona. Mimi simfahamu tena, na sina nguvu ya kuja kujifanya yeye.

Mbonea, mwanangu, unayemsomea mama yako barua hii: pikapu haifi. Nunua gasketi ya manifodi. Sugua vizuri sehemu inapokaa, usiache mabaki ya ile ya zamani. Boliti anza kukaza za katikati, uende pembeni polepole. Ukianza na za pembeni utaipinda. Mama yako asimame karibu asikilize. Akisema bado, ni bado. Kuanzia leo pikapu ni yake. Akiiuza, akiiendesha, akifugia kuku, asiulizwe.

Nawe Nakiete, hicho kitanda mpe mjukuu, amekua na analala na wenzake watatu. Usiniwekee tena shuka. Nipigie Jumapili kama kawaida, na uniulize kama nimekula. Nitakujibu.

Watoto wakikuuliza tena, usihangaike kunitafutia sababu, na usiwape siku. Waambie nimekuandikia kwa mkono wangu, nikiwa na akili zangu timamu, kwamba Mbaga sitarudi.

Kaka yako.