Kiti Changu Kwenye Bodi

Marion, Lorraine ameingia kwenye bodi ya klabu yetu ya mpira. Lorraine!

Yule niliyemleta uwanjani juzi tu, kwa tiketi yangu! Mimi nilisimama kwa mvua na ndoo ya michango mpaka sisi mashabiki tukainunua klabu kutoka kwa yule tajiri aliyetaka kuuza uwanja.

Na ni mimi niliyempendekeza, aki! Nilidhani ni kama kwa chama chetu cha akiba: unampendekeza mwenzako, anakataa kwa adabu, halafu anakupendekeza wewe.

Akasema, "Nakubali."

Nakubali! Mkutano mzima ukapiga makofi. Hata mimi nikapiga, meno nje.

Akaketi mbele kando ya mwenyekiti, akaniita. Nikajua ni asante.

Akaninong'oneza, "Jane, kwani jezi yetu ni rangi gani?"