Niliyemfundisha Kutafuta

Chinatsu, uko? Mwenzio niko peke yangu hapa maktaba ya shule.

Unamkumbuka Wakana, yule mwanafunzi asiyeongea? Mradi wake ulikuwa ukoo wa kwao. Nikamfundisha kupekua magazeti ya zamani na kulinganisha majina, mpaka akampata baba yake huko mkoa wa Tottori. Nikamsifu mbele ya darasa zima. Mimi.

Leo mama yake kaja, hata salamu hakuna. "Mwalimu, nani kamfundisha mwanangu kumtafuta mtu aliyenivunja mkono? Tumehama mara mbili tukimkimbia. Na mtoto kashamwandikia, jina la shule kaliweka."

Kashamwandikia. Nikamwita Wakana, nikawatoa yeye na mama yake kwa mlango wa nyuma.

Halafu nikakumbuka simu ya asubuhi. Mwanamume, sauti ya upole kabisa. "Samahani kwa usumbufu, maktaba yenu inafungwa saa ngapi?" Unanijua, mtu haniulizi kitu nikakosa kumjibu. Nikamwambia saa kumi na moja, karibu sana.

Karibu sana, Chinatsu. Kwa mdomo wangu huu.

Nampigia mkuu wa shule, hapokei.

Kuna mwanamume pale mlangoni. Anavua viatu, anavipanga vizuri, anachukua ndara za wageni.