Haji, Usimrudishe Rukia Pemba

Ng'ambo, Unguja
Alhamisi asubuhi

Haji mwanangu,

Huna adabu. Nakupigia simu tangu juzi hupokei, kumbe na mwanao mnazungumza kwa siri, unamwambia apande boti ya Jumamosi arudi Wete. Nani alokutuma? Nilipoiacha nyumba yangu nikaja huku kumpikia na kumwangalia, nilikuja kucheza? Simu waikimbia, basi barua utaisoma. Herufi zangu zimelala ubavu, soma hivyo hivyo.

Hujambo lakini? Mgongo wako je? Mkeo kikohozi kimemwacha? Mimi mzima, ila situlii. Tangu Jumanne nafagia ua uloshafagiwa, nakaa, nasimama, naenda dirishani, narudi.

Nikueleze ilivyokuwa, maana najua umesikia nusu. Hapo chuo cha amali anaposoma Rukia wanafunzwa kazi ya mabomba na mitambo ya gesi, na sharti lao la kwanza ni hili: ukiona mtu anataka kuleta hatari, hata akiwa mkubwa wako, unanyanyua mkono unapiga ukelele, "Simamisha kazi!" Jumanne mwalimu akawatega. Akachukua spana akaanza kulegeza nati za bomba la mazoezi, na mshale wa presha bado uko juu, yaani bomba bado limejaa. Rukia akauona, peke yake darasa zima. Sasa akafanya nini mwanao? Akazunguka mpaka mbele ya mwalimu, akainama kidogo: "Shikamoo mwalimu. Samahani, naomba nikukatishe..."

"Marahaba," mwalimu akamwitikia. "Tumeshakufa sote."

Darasa likaangua kicheko, yeye akaandikiwa kashindwa. Kaja nyumbani kajifunika kanga gubigubi, chakula hataki, ndipo akakupigia wewe. Na wewe badala ya kumtia moyo ukamwambia hiyo kazi ya wanaume, rudi. Kazi ya wanaume! Wanaume walijaa tele pale, mshale hakuuona hata mmoja.

Na huko kuamkia kwanza nimemfunza mimi. Nilimkanya tangu mdogo asimpandishie sauti mtu mzima, akanisikia. Sijutii. Ila kuna pahala pa kuamkia na pahala pa kupiga kelele, na hilo la pili nilikuwa sijamwambia.

Jana nikavaa baibui langu nikenda chuoni mwenyewe. Mwalimu wao ni mtu wa makamo, kafanya kazi miaka kwenye visima vya gesi huko bara. Akanipa kiti. Nikamuuliza, "Mjukuu wangu ana kasoro gani?"

"Bibi, kwa mikono hapa hana mfano. Mdomo ndio hana."

"Hana mdomo? Huyu? Njoo siku moja umsikie tukigombana kwa ajili ya chumvi!"

Akacheka, akasema Jumatatu atamjaribu tena, mara moja tu. Akifaulu anakwenda na wenzake Mtwara kujifunza kwenye mitambo yenyewe. Asipokuwepo, nafasi yake anapewa mwengine.

Basi jana hiyo hiyo nikamfanyia mtihani wangu. Chungu cha mchuzi kiko motoni, nikakipelekea mkono mtupu.

"Bibi, samahani..."

"Nshaungua!"

Nikapeleka tena.

"Bibi, tafadhali..."

"Nshaungua, nipeleke hospitali!"

Mara ya tano akanyanyua mkono, akapiga ukelele: "Bibi, simama! Toa mkono!" Jirani akaja mbio. "Bi Time, mtoto anakutukana?" Nikamwambia, "Mwache, ndiyo kazi nilompa." Rukia akacheka, mara ya kwanza tangu Jumanne, akala.

Lakini begi lake kalifunga, liko mlangoni. Nikimwambia alifungue ananijibu, "Bibi, baba kasema nirudi. Siwezi kumpinga." Mimi najua kumfunza apige kelele kwa mwalimu, na hata kwangu. Kwako wewe simfunzi, na wala sitamfunza.

Nisalimie mkeo, umwambie mwanawe sasa anakula. Nisalimie dada yako Mwanaidi, na mzee Faki jirani anayeniangalizia kuku wangu. Barua hii anakuletea mwana wa huyo mzee Faki, anarudi Wete na boti ya leo.

Ni mimi mama yako, Bi Time, niliyekuzaa wewe, hukunizaa wewe mimi.

Sasa usikunje barua ukaitia mfukoni. Chukua simu, umpigie Rukia hapo hapo ulipo, umwambie kwa kinywa chako abaki.