Pazia Linalojifunga Lenyewe

Jumanne, Minjila

Hakuna mwanamume mwenye bahati kama yangu kutoka hapa mpaka Chara. Nani mwingine ana pazia la mota, linalohisi jua likifika dirishani na kujifunga lenyewe?

Leo jirani yangu Guyo, mfugaji, alisimama mlangoni akacheka. "Bwana mkubwa, ng'ombe wangu wanajua kivuli bila umeme."

Nikamwambia, "Basi kalale nao."

Acheke tu. Mama alikuwa ameshafunga mzigo arudi Idsowe kwenye nyumba yake ya makuti, kwa sababu mabati yangu yanamchoma. Na kule yuko peke yake, na presha ile...

Siku ya kwanza ya pazia, saa nane mchana, likajifunga, joto likapungua, akalala bila kushika upepeo wa kujipepea. Alipoamka akasema, "Mwanangu, hiki kidude kina akili kukushinda." Akaufungua mzigo.

Haendi popote. Nimesema.

Lakini hiyo bahati ni uongo. Mota iliungua siku ya pili yake. Kila mchana nakaa nje juani, nyuma ya ukuta, nalivuta pazia mwenyewe kwa kamba ya kufungia ndama.