Vipande Vyako Viwili, Huku na Ng'ambo

Mpendwa mama,

Nakuandikia kutoka hapa nyumbani Moding, upande wetu wa Kenya, nikiwa na hofu ambayo nimeshindwa kumwambia mtu aliye hai.

Unakumbuka tulivyovuka mpaka wa Malaba kwa bodaboda, wewe katikati, mimi nyuma nikikushika usianguke? Hospitali ya huku walikuwa wamekukata kipande kidogo kooni wakapime, tukasubiri majibu hadi tukachoka, ndipo shangazi anayeishi ng'ambo akatuita tujaribu upande wa Uganda. Malori yalikuwa yamepanga foleni ndefu. Hukuweza tena kumeza hata uji mzito, lakini utani haukukuishia. Ulimwambia taniboi mmoja, msaidizi wa dereva wa lori, aliyekuwa ananawa uso kando ya barabara, "Bosi, wewe na hiyo lori mtanipata hapa nikirudi nimepona." Alicheka, nawe ukacheka. Mimi nilizidi kukushika, maana nilihisi mbavu zako zote.

Ng'ambo nako wakakata kipande kingine. Madaktari wa huku hawakuwahi kuzungumza na wa kule. Sisi ndio tuliobeba maneno ya wote, tukiyachanganya njiani. Ukatutoka kabla mtu yeyote hajatueleza vizuri. Tulikuzika nyuma ya jikoni, pale ulipotaka, tukajua tumeuzika mwili wako wote.

Kumbe sivyo. Juzi walikuja watafiti wawili wa saratani, mmoja wa huku, mwingine wa Uganda. Walieleza kwamba waliowapa pesa za utafiti wamewaongezea nyingine kwa sharti moja: washirikiane, kila mmoja afungue alichokuwa amekifungia. Walipofungua wakakuta jina lako pande zote mbili. Mama, vipande vyako bado vipo, vimehifadhiwa miaka yote hii. Sasa wanataka kuvichunguza pamoja, na damu yetu sisi watoto wako, waone kama ugonjwa huu umo katika ukoo. Walikuja kuomba ruhusa.

Kaka Omuse hakuwaacha wamalize. Unamjua, kazi ya kupitisha mizigo mpakani imemzoesha kufoka. Lakini safari hii aliongea polepole, na hilo lilinitisha zaidi.

"Hiyo ni mwili ya mama," alisema. "Mliweka kwa friji na sisi hatujui? Irudi nyumbani tuzike."

Yule wa Uganda aliinamisha kichwa. Alisema kaka ana haki ya kukasirika, na tukitaka virudi, vitarudi.

Mimi nilijifunika uso kwa leso. Walidhani nakulilia. Ukweli ni kwamba tangu tulipopalilia mahindi, ugali unanikwama. Nausukuma kwa chai. Mbele ya watu nakula kidogo, nasema nimeshiba, kama ulivyokuwa ukituambia sisi. Binti yangu Akisa ameniuliza mbona siku hizi naacha chakula, nikamfokea bure. Naogopa, mama. Naogopa nikiwa shambani, naogopa kanisani, na namwogopa huyo mtoto anavyonitazama nikitafuna. Kama kitu hiki kiko katika damu, basi yeye naye anacho.

Wageni walipoinuka kuaga niliwafuata hadi kwenye gari, Omuse akiwa nyuma yangu. Nilipofungua mdomo sauti ilitoka ndogo.

"Omuse, waachie vile vipande vya mama," nikasema. "Na mimi waniangalie koo."

Kaka alinitazama, kisha akakaa chini palepale kwenye vumbi na shati lake la kazi. Hakutaja tena habari ya kuzika.

Kesho wananishushia kamera kooni, wakate kipande wakapime. Niliuliza kipande changu kitawekwa wapi. Yule wa Uganda alisema kitawekwa pamoja na vyako.

Tangu utotoni, kila nilipoogopa nilikuja kitandani kwako, nawe ukasogea kunipa nafasi bila hata kufungua macho. Lala salama, mama. Safari hii usisogee.

Ni mimi,
kitindamimba wako